Losheni ya Kukinga Jua na Ngozi Yenye Ualbino: Tarakimu Iliyo Chupani na Maana Yake

Mtu mwenye ualbino anayeishi karibu na Ikweta hudhuriwa na jua tangu utotoni, kwa kuwa ngozi yake ina melanini haba mno au haina kabisa. Melanini ndiyo hufyonza miale ya urujuanimno kabla haijaharibu jeni za seli. Kwa hivyo, losheni ya kukinga jua, ambayo kwa wengi ni kipodozi tu, kwake ni dawa. Makala haya yanafafanua utendakazi wake.

Miale hii inayotufikia ni ya aina mbili. Aina ya B huunguza tabaka la juu la ngozi, ilhali ya A huzama ndani zaidi na kuizeesha. Zote huchangia saratani. Viungo vya losheni huifyonza miale hiyo na kuigeuza kuwa joto hafifu. Kinyume na dhana iliyoenea, hata oksidi ya zinki hufanya kazi hasa kwa kufyonza, wala si kwa kuirudisha miale mfano wa kioo.

Tarakimu inayofuata herufi SPF hupima hasa kinga dhidi ya kuungua. Losheni ya 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale iunguzayo, na ya 30 asilimia 97. Wapo wanaodai kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Dai hilo linapotosha: ngozi huumizwa na kile kinachopenya, nacho hupungua kwa nusu.

Hata hivyo, tarakimu hiyo hupatikana maabarani kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Aghalabu watu hupaka robo au nusu ya kiasi hicho. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji takriban mililita 30, na losheni hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kwa kipimo hicho chupa ya mililita 100 haimalizi siku, na si ajabu wenye kipato kidogo huibania. Nchini Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa losheni bila malipo kwa sababu hiyo.

Je, hufaa kweli? Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 1,621 walichunguzwa kati ya 1992 na 1996. Waliopewa losheni ya kupaka kila siku walipata uvimbe wa saratani ya seli bapa pungufu kwa takriban asilimia 40 wakilinganishwa na waliojipakia walivyopenda. Saratani hiyo ndiyo huwasumbua zaidi watu wenye ualbino barani Afrika. Asilimia 40 ni nyingi, lakini si zote. Neno “kinga” laahidi zaidi ya kilichomo chupani. Kofia pana na mikono mirefu hutangulia, losheni ikafuata palipobaki wazi. Shule inayomvua mwanafunzi mwenye ualbino kofia uwanjani saa sita mchana, ati si sehemu ya sare, inamwondolea kinga ambayo losheni haiwezi kuifidia.