Ukishusha au Kunyanyua Gari, Pima Alaimenti
Kijitabu cha elimu kwa wamiliki, madereva na mafundi wa Bukoba na Muleba

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Kila Desemba magari mengi hutoka Dar es Salaam kuja Kagera kwa sikukuu. Mengine yameshushwa ili yapendeze kwenye lami ya jiji, na yakishafika njia za mawe za vijijini, wenyewe huanza kutafuta fundi wa kuyanyanyua. Magari ya hapa kwetu nayo hunyanyuliwa ili yabebe mikungu ya ndizi bila kugusa chini. Ushushe au unyanyue, kimo cha gari kikibadilika, pembe za magurudumu nazo hubadilika. Kwa hiyo kazi ya kubadilisha kimo haijaisha mpaka magurudumu yapimwe pembe zake, yaani alaimenti. Mnapopatana bei na fundi, alaimenti iwe ndani ya bei hiyo.

1. Kinachotokea chini ya gari

Magari mengi madogo yana shokapu na springi zilizosimama pamoja kwa mbele, huku amu ya chini ikilishika gurudumu. Gari likishuka, amu hupanda upande wa nje na kwa kawaida sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani. Likinyanyuliwa, huinamia nje. Huo ni mwinamo, ambao mafundi huuita kemba.

Badiliko la pili, la mwelekeo wa tairi, halionekani kirahisi, lakini ndilo linalomaliza tairi haraka zaidi. Tairodi na amu hazina urefu sawa, hivyo kimo kikibadilika kila moja hufuata upinde wake. Matokeo yake, tairi mbili za mbele huacha kutazama mbele sambamba: huelekeana kwa ndani au hutazama nje, kutegemea muundo wa gari.

Piga hesabu. Tairi iliyopinda mwelekeo kwa nusu digrii tu huburutwa ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, safari ya takribani kilomita 1,400, tairi hiyo itakuwa imesuguliwa ubavu zaidi ya kilomita 12.

2. Dalili za kutazama

• Tairi zote mbili za mbele zimelika upande wa ndani: zinatazama nje, au zimeinamia ndani kupita kiasi.
• Zote mbili zimelika upande wa nje: zinaelekeana kwa ndani, au zimeinamia nje.
• Ukipitisha kiganja kwenye tairi unahisi meno ya msumeno upande mmoja: mwelekeo umeharibika.
• Usukani umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, au haurudi wenyewe baada ya kona.
• Gari linavuta upande. Kumbuka barabara imeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo kuvuta kushoto kidogo ni kawaida. Kuvuta kulia, au kuvuta kwa nguvu, si kawaida.

Usichanganye mambo. Usukani unaotetemeka ukifika mwendo fulani mara nyingi unahitaji balansi. Tairi iliyolika katikati imejazwa upepo kupita kiasi, na iliyolika kingo zote mbili ina upepo mdogo.

Mvua za Machi hadi Mei ndizo mtihani wa kweli. Tairi iliyolika upande wa ndani inaweza kuonekana nzima ukiitazama ukiwa umesimama kando ya gari, kumbe upande usiouona umebaki laini. Ukishuka mlima wa Kamachumu kuelekea Muhutwe lami ikiwa imelowa, upande huo haushiki. Geuza usukani hadi mwisho, kisha uchungulie upande wa ndani.

3. Mambo ya kukataa gereji

Kukata springi. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake gurudumu linaponing'inia, na ikikatwa kwa gesi, moto huharibu ugumu wa chuma. Tumia springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo unachotaka.

Kurundika spesa ili kunyanyua gari. Gari likinyanyuliwa kupita kiasi, sivii jointi hufanya kazi zikiwa zimepinda na raba zake huchanika mapema.

Kukaza bushi gari likiwa juu ya jeki. Boliti za bushi za raba zikazwe kabisa magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, kwenye kimo kipya. La sivyo, raba hubaki imejisokota na hufa haraka.

4. Hatua za kupima

Kwanza kagua bushi, boli jointi na tairodi. Kifaa kinachocheza hakipimiki: leo kitasoma hivi, kesho vile. Jaza upepo sawasawa. Gari likisafiri na mzigo siku zote, mweleze fundi kabla hajapima, maana mikungu ya ndizi nyuma huinua pua ya gari.

Mashine ikiwepo, itumie na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Isipokuwepo, watu wawili wenye futikamba na chaki wanaweza kupima mwelekeo:

1. Simamisha gari mahali tambarare, usukani ukiwa katikati. Lisukume mbele mita chache ili litulie.
2. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, kwa urefu ambao futikamba inapita bila kugusa kitu. Pima umbali kati ya alama.
3. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele kwa urefu uleule. Pima tena.
4. Kipimo cha mbele kikiwa kidogo, tairi zinaelekeana kwa ndani. Kikiwa kikubwa, zinatazama nje.

Magari mengi madogo huhitaji tofauti ya milimita chache tu, karibu na sifuri. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Ukirekebisha, zungusha tairodi za kushoto na kulia kwa kiasi sawa ili usukani ubaki katikati, kisha kaza nati za kufungia.

Mwinamo hupimwa kwa timazi. Kwenye rimu yenye kipenyo cha sentimita 40, tofauti ya milimita 7 kati ya juu na chini ni digrii 1. Magari mengi hayana sehemu ya kurekebishia mwinamo, na fundi atalazimika kuweka boliti maalumu za kemba.

5. Kabla hujalipa

Muulize fundi: Umekagua bushi na boli jointi? Umekaza bushi gari likiwa chini? Vipimo vya mwelekeo ni vipi? Taa za mbele zimeelekezwa upya, zisimpofushe anayekuja? Kisha rudi baada ya wiki chache upime tena, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zinapozoea uzito.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali salama barabarani. Weka karatasi ya vipimo ndani ya gari. Tairi zikianza tena kulika, fundi atakayefuata ataanzia hapo.