Viini Vinne, Mlango Mmoja

SWALI: Mimi ni fundi wa Mbagala. Kidhibiti changu cha mota ya pampu hakikukosa miadi kwenye prosesa ya kiini kimoja; nilipohamia ya viini vinne, mara nyingine huchelewa. Kasoro iko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, umeongeza watumishi bila kuongeza mlango wa ghala. Viini vyote vinne, ijapokuwa kila kimoja chafanya hesabu zake, huteka data katika kumbukumbu moja, hata kazi iliyokuwa ikimalizika kwa wakati kiini chake kilipokuwa peke yake hukwama pale majirani wanapoisonga. Yatazame mabasi ya mwendokasi yatokayo Kimara: tangu 2016 yana njia yake yenyewe, walakini yafikapo Magomeni, inapokatiza Barabara ya Kawawa, hungoja taa kama daladala yoyote.

Wala nguvu zaidi si dawa. Mwaka 1978 watafiti Dhall na Liu walithibitisha kuwa kazi za prosesa nyingi zikipangwa katika foleni moja, yumkini miadi ikakosekana hata mzigo wote ukizidi kidogo tu uwezo wa prosesa moja.

Basi ifungie kazi ya mota katika kiini chake, isihamehame. Viini vingine uviwekee kadiri ya kuteka kumbukumbu. Kisha upime muda mrefu kabisa wa kazi ya mota viini vile vingine vikiwa katika ghasia, si vikiwa vimelala. Wastani, kwangu mimi, ni uongo wenye adabu. Anza kukichunguza kiini kichoracho picha kwenye kioo. Aghalabu ndicho mlafi.