Kutoka Shishiyu hadi Dar kwa ndege: vidokezo 7 vya kupanga muda

Mtu akikuambia Mwanza hadi Dar es Salaam ni saa moja na nusu kwa ndege, hajakudanganya. Amekuhesabia kipande cha angani tu. Kwa sisi wa Shishiyu, wilayani Maswa, safari huanzia mlangoni, juu ya bodaboda. Piga hesabu yote kabla ya kulipia tiketi.

1. Tofautisha masafa. Basi la Mwanza–Dar hupita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, zaidi ya kilomita 1,100. Ndege hukata moja kwa moja: takriban kilomita 850.

2. Uliza ni ndege gani. Jeti hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Pangaboi kama ATR 72, karibu 500. Gawa masafa kwa mwendo, kisha ongeza dakika 20 za kupaa na kutua. Jeti itakupa kama saa moja na nusu, pangaboi kama saa mbili.

3. Iheshimu barabara. Ukishafika Maswa mjini lami ipo: ama upitie Bariadi, Lamadi na Magu, ama ushukie Mwigumbi ushike barabara ya Shinyanga–Mwanza. Shida ni kuifikia hiyo lami wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga unapong'ang'ania tairi. Ndege ikiwa ya asubuhi, kalale Mwanza.

4. Isome saa ya tiketi kwa makini. 07:20 ni saa 1:20 asubuhi. 19:20 ni saa 1:20 usiku. Inayoponza wengi ni ya usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 12, 00:45, maana yake ni saa 6:45 usiku wa kuamkia tarehe 12. Jioni ya tarehe 11 uwe njiani kwenda uwanjani. Ukingoja jioni ya tarehe 12, utakuta ndege iliondoka jana yake usiku.

5. Wahi uwanjani. Saa mbili kabla kwa safari za ndani, saa tatu kwa za nje. Weka matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kidogo kwenye mkoba wa mkononi. Ndege ikichelewa, njaa haitakusumbua.

6. Ukiunganisha Dar, acha nafasi. Safari za nje huondokea Jengo la 3, na ndege ya kutoka Mwanza inaweza kukushushia jengo jingine. Utahitaji usafiri kati ya majengo, tena ukaanze upya foleni ya ukaguzi.

7. Kumbuka saa za ugenini. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 4,000, zaidi kidogo ya saa tano angani, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Ukiruka saa 10:30 jioni, utatua karibu saa 5 usiku kwa saa yao. Nyumbani itakuwa karibu saa 4, wazee pengine hawajalala. Wapigie uwaambie umefika.

Mwisho, hesabu kinyumenyume kwenye karatasi. Ndege saa 8 mchana; uwanjani saa 6; Mwanza mjini saa 5, maana uwanja uko kama kilomita 10 kutoka hapo. Toa muda wa basi, toa wa bodaboda, toa na saa moja ya dharura. Saa inayobaki ndiyo ya kumwambia dereva wa bodaboda leo jioni.