LUGHA YA KOMPYUTA IKIBADILIKA, HESABU YA KIKUNDI ITABAKI SAWA?

Somo letu la leo linaweza kuonekana ni la watu wa mjini. Lakini siku hizi kikundi cha akiba na mikopo hata hapa Iguhu kinaweza kuweka hesabu zake kwenye kompyuta, na mara nyingi anayewaandikia programu ni kijana wenu aliyesoma. Hilo ni jambo jema. Ila mweka hazina akiulizwa, "Pesa zetu ziko wapi?", hawezi kujibu, "Kompyuta ndiyo inajua." Kwa hiyo tujifunze pamoja, pole pole.

Lugha ya kompyuta ni nini?

Kompyuta hufuata maagizo tu. Maagizo hayo yakiwekwa pamoja huitwa programu, nayo huandikwa kwa lugha yake maalum. Mojawapo ya lugha hizo ni Python. Ilianzishwa na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum na ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Hupatikana bure, na vijana wengi huanza na hiyo. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Basi usishangae mtoto wako akikuletea maneno haya nyumbani.

Toleo jipya na toleo la zamani

Lugha hii hurekebishwa mara kwa mara. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2000. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na wenyewe walikubali kwamba halitapatana kabisa na lile la 2, kwa sababu walitaka kuondoa kasoro za zamani. Matoleo hayo mawili yalitembea pamoja kwa miaka 11, mpaka tarehe 1 Januari 2020, toleo la 2 lilipoachwa.

Mnakumbuka noti mpya za mwaka 2019? Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo, lakini za 50, 100, 200 na 500 ziliendelea kutumika pamoja na mpya. Kwa lugha ya kompyuta ni hivyo hivyo: maagizo mengine ya zamani yanaendelea kukubaliwa, mengine yanakataliwa. Tofauti ni kwamba programu ya toleo la 2 haikuzimika siku ile. Inaweza kufanya kazi kwenye mashine ya zamani, ila hakuna tena anayeirekebisha kule ilikotoka.

Mabadiliko matatu ya kuangalia

Kwanza, kuandika kwenye kioo. Zamani agizo la "print" liliandikwa bila mabano. Sasa lazima mabano yawepo. Yakikosekana, programu inakataa kabisa. Kosa la namna hii halina hatari kubwa, maana linaonekana mara moja.

Pili, kugawanya. Tuseme wanachama 25 wanagawana shilingi 12,340. Toleo la 2, likigawanya namba nzima kwa namba nzima, lilitupa kilichobaki: kila mtu 493, na shilingi 15 hazionekani popote. Toleo la 3 linasema 493.6. Riba nayo? Mkopo wa 5,000 kwa asilimia 10: ukiandika 10/100 peke yake, toleo la 2 linasema ni 0, kwa hiyo riba ni sufuri! Toleo la 3 linatoa 0.1, na riba ni shilingi 500. Anayetaka namba nzima atumie mikwaju miwili (//), halafu kikundi kiamue salio liende wapi.

Tatu, kupokea namba. Katika toleo la 2, agizo la "input" lilipokea 200 na 300 kama namba, ukijumlisha unapata 500. Toleo la 3 linazipokea kama maandishi. Mwandishi asipozigeuza kuwa namba kwa "int", kompyuta inaziunganisha tu: 200300. Akiba ya mama mmoja inakuwa laki mbili!

Kosa la pili na la tatu hupita kimya kimya. Hakuna aliyeiba, lakini watu wataanza kutazamana vibaya, na kikundi huvunjika hivyo.

Je, mapya yana faida?

Ndiyo. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, ujumbe wa makosa unaeleza vizuri zaidi mahali palipoharibika. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 liliongeza kasi. Lakini tangu 2019 toleo jipya hutoka kila Oktoba, na kila moja hutunzwa kama miaka mitano tu. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 liliondoa vifaa 19 vya zamani. Kwa hiyo kazi ya kuangalia haiishi.

Kikundi kifanye nini?

1. Mwulizeni aliyeandika programu: ni toleo gani? Karani aliandike kwenye kumbukumbu za mkutano.
2. Kabla ya kubadilisha chochote, wekeni nakala kwenye flashi, na daftari msilitupe.
3. Fanyeni hesabu ya mwezi mmoja kwa mkono, hasa mgawo wenye salio na riba, halafu mlinganishe na ya kompyuta.
4. Tumieni programu ya zamani na mpya pamoja kwa miezi miwili. Zikitofautiana hata shilingi moja, simamisheni mpaka sababu ijulikane.
5. Maagizo yenyewe yawe mali ya kikundi, na watu wawili wayajue. Kijana akipata kazi Nairobi, asiondoke na hesabu zenu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, salio la mgawo huenda wapi? Limeandikwa kwenye katiba yetu?
2. Kompyuta ikiharibika leo, tunaweza kumwambia kila mwanachama akiba yake ni ngapi?
3. Ni nani wawili tutakaowachagua wajifunze?

Bwana Yesu alisema habari za divai mpya na viriba vikuukuu. Tusiogope kipya, lakini tukague chombo kwanza. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.