Kinyesi cha Mtoto ni Kinyesi: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Utumbo Unaochoka

Kwa kaya za Wilaya ya Mbinga na Wilaya ya Nyasa, kuanzia Litembo na Maguu hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Kisomwe nyumbani kwa sauti, baba na bibi wakiwapo.

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Ruvuma ina mahindi ya kula na ya kuuza mikoa mingine. Milimani watu wanalima maharage kwenye ngoro na wanachuma kahawa, na ufukweni usipa wanaanikwa mpaka mtu anakosa pa kukanyaga. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa nchi nzima ni asilimia 30.

Njaa peke yake haielezi jambo hili. Mama anakuja kliniki na kusema, "Anakula vizuri tu, lakini hanenepi." Anasema kweli. Chakula kinaingia tumboni, ila utumbo umechoka kukipokea.

UTUMBO UNACHOKAJE

Utumbo mzima hufanya kazi kama chandarua kizima: unapitisha kinachofaa na kuzuia kinachodhuru. Mtoto akilamba uchafu leo, kesho na keshokutwa, chandarua hicho kinatoboka. Uchafu unapenya mwilini, na chakula kinapita bila kumjenga. Mwili unatumia nguvu zake kupambana na uchafu badala ya kukua.

Hayo yanatosha kuhusu yaliyomo tumboni. Sasa tuje uani kwako.

JAMBO KUBWA KULIKO YOTE: KINYESI CHA MTOTO KIENDE CHOONI

Kinyesi cha mtoto ni kinyesi. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mtoto anayenyonya ametoa maziwa tu, hakuna ubaya. Basi mama anamfuta kwa jani na kulitupa migombani, au anamwacha ajisaidie uani kisha anapitisha ufagio. Kuku wanakuja, wanachakura, wanakula, na miguu ileile inapanda mkeka ambao mtoto ameketi akila uji. Mvua ikinyesha, kilichobaki migombani kinateremka na mtelemko hadi kwenye kisima cha jirani. Kwa watu wa ufukweni ni nepi: inasuuzwa ziwani asubuhi, na hatua chache kutoka hapo binti wa nyumba nyingine anajaza ndoo ya maji ya kunywa.

Kinyesi cha mtoto kina vijidudu sawa na cha mtu mzima, pengine zaidi, kwa sababu watoto ndio wanaougua mara nyingi. Kinyesi cha mtoto kiende chooni.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika redioni na baadaye kuchimba vyoo. Miaka ya karibuni ikaja Nyumba ni Choo. Kazi kubwa ilifanyika, na leo nyumba nyingi zina choo. Lakini choo hicho ni cha baba, mama na wageni. Mtoto mdogo hana choo. Kwa hiyo nyumba yenye choo kizuri cha bati bado ina kinyesi uani kila siku, na mwenye nyumba hakioni kwa kuwa amekizoea.

Fanya hivi. Mtoto anayeweza kuketi awe na poti. Kama huna ya dukani, kata dumu kuukuu na ulainishe kingo kwa moto. Akimaliza, mwaga chooni, suuza, na maji ya kusuuzia nayo uyamwage chooni. Akijisaidia chini, chota kwa jembe au koleo pamoja na udongo wa chini yake, upeleke chooni. Nepi ya kitambaa: kung'utia kinyesi chooni kwanza, kisha fua kwenye beseni kwa sabuni, na maji yale yaende chooni. Usifulie ziwani, mtoni wala kisimani. Pampasi za dukani: ondoa kinyesi kiingie chooni, halafu zika pampasi kwenye shimo la taka lenye kina. Tunaziona zikielea Mbamba Bay, tunaziona kwenye makorongo ya Mbinga, na kila moja ni kinyesi kilichofungwa vizuri kikisubiri mvua.

Ukishamsafisha mtoto, nawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Mnawishe na yeye mikono. Kibuyu chirizi kifungwe pale pale nje ya choo na sabuni yake, maana kikiwa mbali hakuna atakayekifuata. Sabuni hakuna? Tumia majivu.

Bibi, ombi hili ni lako hasa, kwa kuwa mama akienda kuchuma kahawa wewe ndiye unayebaki na mtoto. Kinyesi cha mtoto kiende chooni hata siku ambayo mgongo unauma. Mwite kijana mkubwa akipeleke.

KUKU, MBUZI NA NGURUWE

Wasilale jikoni wala ndani wanamolala watu.

Mtoto anayetambaa asiachwe kwenye udongo walikojipumzisha kuku. Huko Zimbabwe wataalamu waliketi vijijini kwa saa kadhaa wakiwatazama watoto wachanga wanachotia mdomoni, na waliona watoto wakila udongo na kinyesi cha kuku. Wa kwetu hawana tofauti. Tandika mkeka au turubai, uoshe mara kwa mara, na uzungushie uzio wa mianzi kuku wasifike. Banda la kuku lijengwe kando ya nyumba.

ANAYEHARISHA NA ASIYEHARISHA

Msidanganywe na kinyesi kigumu. Huko Haydom, mkoani Manyara, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na ikaonekana kwamba mtoto anaweza kubeba vijidudu tumboni bila kuharisha na bado ukuaji wake ukarudi nyuma. Ndiyo maana tunasisitiza kliniki ya kila mwezi hata kwa mtoto anayecheza vizuri.

Dalili za kuangalia nyumbani: mstari wa uzito kwenye kadi umelala au umeshuka, nguo za mwaka jana bado zinamtosha, anaharisha, anapona, anaharisha tena, tumbo limejaa wakati mikono ni myembamba, hana hamu ya kula, amepooza, hachezi na wenzake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kijani ni salama, njano ni onyo, na nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hakuna kipimo cha zahanati kinachosema "utumbo huu umechoka". Tunaujua kwa kadi, kwa utepe na kwa kuuliza kinyesi kinakwenda wapi.

MENO YA PLASTIKI

Hayapo. Mtoto anayeharisha ameingiza uchafu mdomoni. Meno hayaleti kuharisha. Anayeng'oa au kukwangua fizi za mtoto anamtoa damu na kumwachia kidonda, na kuharisha kunaendelea. Watoto wanafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu siku zilipotea kwa mng'oaji.

AKIHARISHA

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama, mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe kila anapoharisha, na yakibaki hadi kesho yake yamwage. Mpe zinki: kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita nusu kidonge. Umalizie siku zote hata kama ameacha kuharisha siku ya pili. Usimpe antibiotiki za dukani. Usimpe vidonge vya kufunga tumbo. Na kinyesi hicho cha kuharisha, ambacho ndicho hatari kuliko vyote, kiende chooni.

MAJI

Maji ya Ziwa Nyasa ni maangavu, na wengi wanaamini kwamba maji yanayoonekana mpaka chini ni salama. Si salama. Chemsha mpaka yatokote, au tumia dawa ya kutibu maji, kisha yatunze kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba. Ziwani kuna kichocho pia. Kipo kinachoumiza utumbo na kuleta damu kwenye kinyesi, na kipo kinacholeta damu kwenye mkojo. Dawa yake ipo na wanafunzi hupewa shuleni. Msiwafiche watoto siku ya kugawa.

CHAKULA

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Baada ya hapo, uji wa mahindi mtupu hautoshi. Usipa waliokaushwa vizuri na kusagwa, maharage, karanga, yai, majani ya maboga, parachichi: vyote vipo hapa hapa, na kabla ya kuuza yai mpe mtoto kwanza.

Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Usiseme, "Haya mabovu tutamsagia mtoto uji." Usiyapikie pombe. Usimpe kuku utakayemla. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.

JE, CHOO PEKE YAKE KINATOSHA?

Hapana, na hatutawaahidi hivyo. Magharibi mwa Kenya kaya nyingi zilipewa vyoo bora, poti, sabuni na dawa ya maji, na majibu yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wao hawakurefuka kuliko wengine. Waliopata chakula cha nyongeza ndio walioongezeka kidogo. Tunachojifunza ni kwamba uchafu una milango mingi. Ukifunga mmoja na kuacha mitatu, mtoto bado analamba. Poti, kuku, maji na chakula vinakwenda pamoja, katika kaya yako na ya jirani yako, kwa sababu kuku hawajui mpaka wa uwanja. Tunaanza na kinyesi cha mtoto kwa kuwa huo ndio mlango uliobaki wazi katika nyumba nyingi tunazotembelea.

WATU WAZIMA

Utumbo wa mtu mzima nao unaumia, ila kwa njia nyingine. Wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha na wachumaji wa kahawa hununua diklofenaki, ibuprofeni au aspirini na kumeza asubuhi bila kula, siku baada ya siku. Dawa hizo huchubua tumbo na utumbo. Usimeze kwa mazoea. Usimeze na njaa. Usichanganye mbili kwa pamoja. Usimezee pombe. Mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito wasiziguse bila kuandikiwa. Gongo huchubua vilevile, na anayemeza dawa jioni akaenda kilabuni usiku anajiumiza mara mbili.

Siku hizi wanapita watu mnadani na kwenye simu wakiuza unga na vidonge vya "kuziba utumbo unaovuja". Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuziba. Mtu mzima anayeharisha zaidi ya wiki mbili au anayekonda aje apimwe, pamoja na VVU na kifua kikuu, badala ya kuuza debe la mahindi akanunue unga huo.

NJOO LEO, USINGOJE KESHO

Mtoto: damu kwenye kinyesi, macho yamedumbukia, anatapika kila anachopewa, hawezi kunyonya au kunywa, degedege, amelegea, miguu imevimba, anaharisha kwa siku 14 au zaidi.

Mtu mzima: anatapika damu, kinyesi cheusi kinachonata, homa ya siku nyingi kisha maumivu makali ya ghafla na tumbo gumu lisilogusika. Huyo wa mwisho huenda utumbo umetoboka kwa homa ya matumbo. Hahitaji mizizi wala maombi ya usiku kucha, anahitaji upasuaji. Mpelekeni moja kwa moja hospitali ya Mbinga, Litembo au Liuli, iliyo karibu, na asile wala asinywe chochote njiani.

Ukimleta mtoto, njoo na kadi yake ya kliniki, na ORS uendelee kumpa njiani.