Kupaka Gari Rangi kwa Mkono Nyumbani

Pikapu yako ya mizigo imepauka, na bei ya kupuliza rangi gereji imekushinda. Unaweza kuipaka mwenyewe kwa rola. Haitang'aa kama iliyotoka kiwandani, lakini bati litakingwa na kutu, na kwa gari la kazi hilo ndilo la maana.

Kwanza tazama kadi ya gari, maana rangi imeandikwa humo. Ukirudia ileile, endelea na kazi. Ukibadili, iarifu mamlaka ya usajili wa magari ili kadi irekebishwe: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Kenya ni NTSA.

Dukani ununue nini? Rangi ya mafuta ya vyuma, lita 2 hadi 3 kwa gari dogo, na tapentaini ya kuizimulia. Tina iache: ni kali, yaweza kuikunja rangi ya zamani. Ongeza rola ndogo ya sponji, puti, msasa, tepu ya karatasi na praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati. Uliza bei ya lita moja, zidisha kwa tatu, kisha jumlisha vilivyobaki. Rangi za kuchanganywa na hadina, yaani kemikali ya kuigandisha rangi, waachie mafundi wenye barakoa maalumu. Mvuke wake huumiza mapafu.

Sasa maandalizi, na hapa usiharakishe hata kidogo. Osha gari kwa sabuni mpaka grisi iishe. Kwangua kutu kwa msasa namba 80 hadi bati lionekane. Ukipaka juu ya kutu, itaendelea kula chini kwa chini na rangi itafura malengelenge. Ziba mabonde kwa puti, lainisha, pitisha praima penye bati tupu. Kisha sugua bodi nzima kwa msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao uishe, kwa sababu rangi haishiki panapoteleza. Funika vioo, taa na vibao vya namba.

Zimua rangi iwe nyepesi kama maziwa. Paka kivulini, penye hewa, mbali na moto. Anza na paa. Mlango ukiuanza, umalize, la sivyo alama itabaki. Mkono wa kwanza utaonyesha mabaka. Usiogope, wala usipake nene, itachuruzika. Ngoja siku nzima, rudia. Kila baada ya mikono 2 iliyokauka, sugua taratibu kwa msasa wa maji namba 800. Mikono 4 hadi 6 inatosha.

Matambara yenye rangi yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Gari usilisugue kwa sabuni wiki 3 za mwanzo.