Mtoto Mchanga Akinyamaza

Usiku wa manane mtoto analia, nyumba nzima macho. Bibi anasema ni chango, jirani anasema ni baridi. Kilio kinatisha, lakini mtoto anayelia kwa nguvu, akapewa titi akanyonya na kutulia, mara nyingi hana ugonjwa mkubwa. Wa kukimbiza hospitali ni yule aliyelala kimya, anayetekenywa nyayo asishtuke, na titi analiachia. Katika miezi miwili ya kwanza, ugonjwa mzito mara nyingi huanza na ukimya.

Hesabu pumzi

Mafua peke yake si ya kuogopesha ikiwa mtoto ananyonya vizuri. Akihema haraka, subiri atulie, umfunue tumbo, ushike saa. Hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hukimbia kisha zikapungua. Mwenye umri chini ya miezi miwili akifikisha 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Ikibaki hivyo, nenda hospitali. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, kikomo ni 50. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anaguna kila pumzi, au midomo imegeuka buluu, usihesabu chochote. Nenda.

Joto na baridi

Chini ya miezi miwili, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, ni dharura. Usimpe dawa ya homa ukangoja kuche. Huna kipimajoto? Mguse tumbo na kifua, maana mikono na miguu ya mtoto hupoa hata akiwa mzima. Aliyevuka miezi miwili akipata homa, apelekwe akapimwe, malaria ikiwemo, kabla ya kununuliwa dawa ya kubahatisha.

Manjano na kitovu

Watoto wengi hupata umanjano kidogo siku ya pili au ya tatu. Mtazame mchana, mlangoni penye mwanga, kwenye weupe wa macho, viganja na nyayo. Umanjano ulioanza ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika viganjani na nyayoni, unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Kumwanika juani hakutoshi. Umanjano ukipita wiki mbili, apimwe.

Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, masizi wala kinyesi cha ng'ombe. Kikitoa usaha, au wekundu ukienea kwenye ngozi, usisubiri kidondoke.

Kuharisha

Mtoto anayenyonya tu anaweza kupata choo laini mara nyingi kwa siku, na huko si kuharisha. Shaka iingie choo kinapogeuka maji kuliko kawaida yake. Finya ngozi ya tumbo kando ya kitovu, kisha uachie: ikichelewa kurudi, amepungukiwa maji. Macho kuingia ndani na mkojo kuwa haba ni dalili nyingine. Endelea kumnyonyesha. Aliyevuka miezi miwili mpe ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha endelea taratibu. Uliza zahanati kuhusu zinki. Anayeharisha akiwa chini ya miezi miwili, mwenye damu kwenye choo, au anayetapika kijani, apelekwe hospitali moja kwa moja.

Degedege

Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimfukize moshi. Ile imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa imewachelewesha wengi. Degedege inaweza kuletwa na malaria au maambukizi ya ubongo, na matibabu yake yako hospitali.

Njiani

Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike kwa khanga, umnyonyeshe kama anaweza. Chukua kadi ya kliniki. Ukifika, usihangaike kutafuta jina la ugonjwa. Mwambie muuguzi umri wake, alinyonya mara ya mwisho saa ngapi, alikojoa lini, na pumzi ulizohesabu. “Ana wiki tatu, hajanyonya tangu saa nne usiku” ni maneno machache, lakini yanamtosha muuguzi kuacha kalamu na kumpokea mtoto.